Swali Ambalo Nzengo Ilitukatalia

Kila mwaka nikiingia darasani kuanza somo la utafiti shirikishi wa maisha ya mjini, huwa nalijua neno la kwanza litakaloandikwa ubaoni. Ni "changamoto". Changamoto za bodaboda, changamoto za machinga, changamoto za taka, changamoto za mama lishe. Wanafunzi wangu hapa Shinyanga ni vijana wazuri, wengi ni watoto wa wakulima na wafugaji, lakini mahali fulani kati ya sekondari na chuo mtu aliwaaminisha kwamba mkazi wa mjini ni furushi la changamoto, na kazi ya msomi ni kulifungua na kuhesabu vilivyomo. Nimelipigia kelele jambo hili mpaka nimekuwa kichekesho. Nikipita kwenye korido nasikia, "Changamoto hiyo inakuja," nami najifanya kiziwi.

Ninachotaka mimi ni kidogo, ila kina ugumu wake. Nataka kundi la watu wanne litafute swali moja ambalo hakuna hata mmoja wao anayejua jibu lake na ambalo kila mmoja wao ana hamu ya kulijua. Halafu walipeleke mtaani, na wakazi wa mtaa huo wawe na haki ya kulikubali, kulibadilisha au kulikataa. Hapo kwenye kulikataa ndipo walimu wenzangu hunicheka. Wanasema mkazi akishapewa ruhusa ya kukataa, ripoti itaandikwa lini? Nawajibu kwamba ripoti zilizoandikwa bila ruhusa hiyo zimejaa kabatini na panya wanazipenda sana.

Mwaka huo, wenzake walipomaliza kutaja changamoto zao, binti mmoja wa Ngokolo alisimama. Alikuwa mtu wa kukaa katikati ya darasa na kuandika sana bila kusema. Jina lake silitaji hapa, ingawa jina hilo ndilo kiini cha habari hii. Ni jina la Kisukuma la zamani, la bibi yake mzaa baba, na sijawahi kukutana na binti mwingine wa rika lake aliye nalo.

"Mimi nataka kujua, mgeni akifa Geita, mtu asiye na ndugu pale, anazikwa na nani," alisema. "Baba yangu alikwenda kuchimba dhahabu nikiwa darasa la tatu. Simu yake ikawa haipatikani. Nyumbani hatuulizi."

"Kwa nini hamuulizi?"

"Mama hataki. Anasema kuuliza ni kumchuria."

Asiyeijua hali hiyo nitamweleza: kumtaja kwa kifo mtu ambaye huenda yu hai ni uchuro, ni kukiita hicho kifo kije. Kwa hiyo mama yake hakukaa matanga, hakuvaa khanga za msiba, hakuruhusu shemeji zake wamshauri jambo lolote. Kila Krismasi aliweka sahani moja ya ziada na kila mtu mezani alijifanya haioni. Na binti huyu alikuwa amekua ndani ya nyumba hiyo, hana ruhusa ya kulia wala ya kutumaini kwa sauti. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama baba yake alikufa kweli, na kama alikufa, basi kuna watu waliomfukia kama binadamu.

Nilimwambia ukweli wangu, kwamba hilo ni jambo lake mwenyewe, na jambo la mtu mmoja halifai kuwa swali la kundi. Kabla sijamaliza, kijana mmoja wa Kagongwa alinyoosha mkono. Huyu alikuwa bingwa wa takwimu, mtoto wa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, na hakuwahi kuandika kitu ambacho hakikai kwenye jedwali. Akasema kwao kila familia ina mtu aliyekwenda machimboni, na yeye pia hajui wanaobaki huko wanazikwa na nani. Wasichana wengine wawili wakasema hivyo hivyo. Basi kundi likapatikana, na swali likapatikana, na mimi nikabaki na wasiwasi wangu.

Tulikwenda Geita kwa njia ya Kahama. Tulipofika Kagongwa, mama yake yule kijana alitusubiri barabarani na kiroba cha mchele, akisema huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Nilifikiri mchele ule ni wetu wa kula. Kijana akanisahihisha kwa heshima: "Hapana Madamu, ni wa wenyeji."

Mtaa tuliopangiwa uko pembeni mwa mji, ambako nyumba za matofali na za mabati matupu zimekaa pamoja, na karibu kila mtu katoka kwingine: Waha, Wakurya, Wanyaturu, Wazinza wenyewe wa huko, na sisi Wasukuma tuliojaa kila mahali. Mwenyekiti wa mtaa alisoma barua yetu, akaugusa mhuri kwa kidole, akaturuhusu kuanza.

Nyumba ya kwanza tulimkuta mama akichagua mawe kwenye mchele. Alitukaribisha vizuri, akatoa kigoda na ndoo ya kukalia. Tulisalimiana kwa urefu unaotakiwa. Halafu kijana wa Kagongwa akafungua dodoso na kusoma swali la kwanza kama lilivyoandikwa: iwapo mtu asiye na ndugu atafariki katika kaya hii, ni nani atakayehusika na mazishi?

Yule mama aliweka ungo chini.

"Mmetumwa na nani?"

"Chuo, mama. Barua hii hapa."

"Chuo ndicho kimewaambia kuna maiti hapa kwangu? Mume wangu yumo ndani, ametoka hospitali juzi, nanyi mnakuja kuniuliza mazishi! Mnamchuria mume wangu?"

Sauti yake ilileta mtaa mzima. Mwanamke mmoja alichukua kiroba chetu cha mchele akakiweka nje ya ua. Mwenyekiti alikuja akikimbia na kandambili mkononi. Tuliondoka tukisindikizwa, na nyuma yetu nikasikia mtu akisema kwa Kisukuma kwamba watoto wa siku hizi wana elimu ila hawana kwao.

Neno hilo liliniuma, maana mimi mwenyewe ni Msukuma. Na ndipo nilipoona ajabu ya kosa letu. Hakuna hata mmoja katika kundi lile ambaye angethubutu kuuliza swali hilo kwa jirani wa mama yake. Yule binti alikuwa ameishi miaka yote chini ya katazo hilo hilo. Lakini tulipolipiga swali chapa, tukaliwekea namba na kulipigia mhuri, sote tulidhani uchuro umetoka. Nilikasirika sana jioni ile. Nililikasirikia dodoso, nikaikasirikia barua, na chai ya nyumba ya wageni nayo nikaikasirikia, ingawa ilikuwa chai nzuri.

Binti hakulaumu mtu. Alikaa kwenye ngazi na kusema, "Basi ndiyo imekwisha." Nikaona kwamba kwake haukuwa utafiti uliokwisha. Mlango uleule uliofungwa nyumbani ulikuwa umefungwa na huku.

Kesho yake tulirudi kuomba radhi, maana mtu hawezi kuondoka tu akauacha mtaa na uchuro. Mwenyekiti alituita kwenye kibanda cha soko la nyanya ambalo siku hiyo halikuwa na wauzaji. Walikuwapo kama watu kumi, na msemaji wao alikuwa mama mmoja mnene muuza dagaa, aliyeongoza wanawake wa nzengo. Nzengo kwetu ni majirani wa mahali pamoja, wale wanaochota maji na kuchimba kaburi bila kuitwa. Na kule ambako kila mtu ni mgeni, wameshona nzengo yao kutoka vipande vya makabila yote.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sisi swali lenu hatulichukii. Ni swali zuri. Lakini swali la msiba halina makazi pasipo na msiba. Hilo tunalikataa."

"Na tukisubiri msiba?" aliuliza kijana wa Kagongwa.

Watu walimtazama. Msichana mwenzake alimfinya.

"Sikumaanisha hivyo," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wakacheka. Mama wa dagaa alicheka kuliko wote. Kicheko hicho kilitusaidia kuliko barua.

Tukaanza kufanya kile ambacho miaka yote nimekihubiri na mara chache nimekiona: watu kulifikiria swali pamoja. Fundi cherehani alisema tuulize nani hutembelea wagonjwa. Mwenyekiti akakataa, ugonjwa nao ni mlango wa kifo. Mtu mwingine akasema tuulize nani hula na nani. Ndipo binti wa Ngokolo akasema taratibu, "Je, tukiuliza mtu alipofika hapa mara ya kwanza, nani alimpokea?"

Mama wa dagaa akapiga kofi pajani. "Hilo liulizeni mpaka mchoke. Hakuna mtu hapa asiyependa kusimulia alivyofika." Kisha akanyoosha kidole. "Ila na ninyi mjibu. Kila mmoja wenu aanze: naitwa fulani, mtoto wa fulani, kwetu mahali fulani, huko chuoni nilipokelewa na fulani. Ndipo aulize."

Hapo nilipinga. Nafundisha kwamba mtafiti asijaze nafasi kwa habari zake mwenyewe, ajitambulishe kwa taasisi na anyamaze. Nililieleza hilo kwa maneno mengi kidogo.

"Mwalimu," alisema mama wa dagaa, "mgeni asiyesema kwao, mimi nitajuaje nikikosea kumkaribisha?"

Nikakubali kwa shingo upande. Kiroba cha mchele kiliingizwa ndani ya kibanda na hakuna aliyetaja habari za jana.

Wiki iliyofuata ilikuwa tamu. Watu walituita. Mwanamke wa Kikurya alisimulia alivyoshuka kwenye basi na mtoto mgongoni, akapokelewa na muuza maandazi ambaye hawakuelewana hata lugha, akampa nusu ya mkeka wake. Kijana mmoja alipokelewa na mtu aliyedhani ni ndugu yake, na walipogundua si ndugu, walikuwa wameshazoeana. Nasi tukagundua jambo. Hatukuuliza habari ya kifo hata mara moja, lakini kila hadithi ilikwenda yenyewe huko. "Yule aliyenipokea nilimuuguza mimi." "Yule aliyenipa mkeka, mimi ndiye niliyemwosha." Hawakuona uchuro ndani yake, kwa sababu walianzia kwenye ukarimu. Kijana wa Kagongwa aliacha kuchora majedwali kwa siku kadhaa, akasema anasikiliza kwanza. Nilitaka kumkumbatia, ila mimi si mtu wa hivyo.

Lakini nilimwangalia yule binti. Kila jioni alikuwa na hadithi mpya za watu wengine na hakuwa na ya kwake. Alianza kula kidogo. Nilimwambia kwamba hata asipopata, atakuwa amejua kwamba wageni hapa huzikwa. Aliniitikia, "Ndiyo Madamu," kwa sauti ya mtu anayemfariji mwalimu wake.

Siku moja kabla ya kuondoka tulikwenda, yeye na mimi na kijana wa Kagongwa, kwa mzee anayenoa patasi za wachimbaji. Alikuwa Mwislamu wa Kigoma, mwenye kofia iliyoungua ukingoni kwa cheche. Mimi nilikaa pembeni. Binti alipiga magoti, akasalimia shikamoo, mzee akaitikia marahaba bila kuacha kupuliza moto. Akaanza kama tulivyoagizwa. Akataja jina lake. Akasema kwao Ngokolo, Shinyanga.

Mzee aliacha kupuliza.

"Rudia jina lako."

Akarudia.

"Umepewa na nani?"

"Ni la bibi yangu, mama yake baba. Baba ndiye aliyenipa."

Mzee aliitoa patasi kwenye moto akaiweka chini polepole. Akavua kofia. Akasema, "Hapa palikuwa na mtu tuliyemwita Baba..." Akamalizia kwa jina la binti. "Mrefu, fundi wa kupanga magogo ya kuzuia duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lisiporomoke. Sisi hatukumjua kwa jina lingine. Mimi ndiye niliyempokea."

Alisimulia kwa kifupi, maana aliona uso wa mtoto. Kwamba baba aliiuza simu yake apate nauli ya kwenda mahali ambapo dhahabu ilikuwa imelipuka upya, yaani imeonekana kwa wingi, akarudi mikono mitupu na homa kali. Kwamba alikuwa akikusanya cha kurudi nacho nyumbani, akiona haya kurudi bila kitu. Kwamba alifariki asubuhi, chumbani mwa mzee huyo huyo. "Alikuwa mtu wa kanisa, nikamtafutia katekista. Kaburi tulichimba nzengo. Msibani lazima awepo ndugu wa kukaa kwenye mkeka apokee pole za watu. Hakukuwa na mtu, nikakaa mimi."

"Kwa nini hamkutuambia?" Binti aliuliza kwa sauti ndogo isiyo na lawama.

"Tulituma mtu Shinyanga. Aliuliza sokoni na barabarani Ngokolo habari za Baba..." na akalitaja jina tena. "Watu walisema hapa hayupo mtu wa jina hilo."

Ndipo binti alipolia. Kwa sababu nyumbani Ngokolo hakuna aliyewahi kumwita baba yake hivyo. Kama ilivyo desturi, kila mtu alimwita kwa jina la mtoto wa kwanza, kaka yake. Baba huyo alikwenda mbali, mahali ambapo hakuna aliyemjua, akaulizwa aitwe nani, akachagua jina la binti yake huyu. Nililia na mimi, nasema wazi. Kijana wa Kagongwa alishika kile kivukuto cha kupulizia moto akawa anapuliza tu, ili afanye kitu.

Mzee alitupeleka kaburini. Palikuwa na msalaba wa mbao ambao maandishi yake yameliwa na mvua. Binti aling'oa majani mpaka tukamwambia inatosha.

Mama yake alipopigiwa simu hakulia. Alisema mume wake hajawahi kuitwa jina hilo maisha yake yote, kwamba hao wamezika mtu mwingine, na kwamba mtoto amelogwa na masomo. Akakata. Tulirudi Shinyanga, na binti akawa na jambo baya kuliko alilokuwa nalo mwanzo: sasa alijua, na nyumbani ilimpasa aishi kama asiyejua. Aliniambia mama anaendelea kukataa hata kumtazama usoni. Kundi liliandika ripoti nzuri. Kwa mzee wa patasi waliandika kwamba hakuhojiwa. Sikuwauliza kwa nini.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeamua kuja. Alimwambia mwenyekiti wake kwamba aliyekaa kwenye mkeka ana wajibu wa kupeleka habari, na kwamba alikuwa ameutuma wajibu huo kwa mtu mwingine wakati ni wake. Binti aliniomba niwepo. Tulimpokea stendi, tukaenda naye Ngokolo mchana, jua kali. Alivaa kanzu safi na ile kofia yake iliyoungua.

Mama alisimama mlangoni. Hakusema karibu. Kwetu sisi kutosema karibu ni jambo kubwa mno, na majirani waliokuwa wakianua nguo waliacha kuanua.

Mzee hakusogea. Alisalimia, hakuitikiwa. Basi akasema akiwa amesimama pale pale uani, "Mama, sikuja kubishana. Marehemu aliniambia kwamba jina la mtoto huyu ulilikataa. Ulitaka aitwe jina la mama yako wewe. Alisema mlinuniana, ukampikia bila kusema naye, na mwisho wewe ndiye uliyekwenda kwa padri kuliandikisha jina lile alilolitaka yeye, bila kumwambia. Alisema tangu siku hiyo kila akiliita jina la mtoto, alikuwa anakukumbuka wewe."

Mama alishika mwimo wa mlango. Kwa muda mrefu alimtazama mzee, si binti wala mimi. Niliogopa ataingia ndani na kufunga. Halafu akafungua khanga ya kiunoni, akajitanda kichwani, akashuka ngazi, akamshika mzee yule mikono yote miwili.

"Pole sana shemeji," alisema. "Pole kwa kufiwa na ndugu yako."